Namna ya kukopeshana mtaji mdogo kikundini bila kumzamisha mkopaji

Kazi yangu ni kuwezesha vikundi vya hisa, yaani watu wanaoweka akiba pamoja kwa kununua hisa na kukopeshana akiba hiyo. Mikopo mingi niliyoiona ikiharibika iliharibika siku ileile ilipotolewa, kwa sababu hakuna aliyekaa na mkopaji kupiga hesabu. Kwa hiyo hatua ya pili hapa chini msiiruke, hata kama watu wana haraka ya kurudi sokoni.

Hatua ya 1: Sanduku kabla ya mkopo. Utaratibu huu ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, na fedha inayokopeshwa ni akiba ya wanachama wenyewe. Kusanyikeni watu 15 hadi 25 mnaofahamiana. Pangeni bei ya hisa ambayo hata aliye na kipato cha chini ataimudu; kila mkutano mtu ananunua hisa 1 hadi 5. Sanduku liwe na kufuli tatu, washika funguo watatu, na mtunza sanduku awe mtu mwingine kabisa. Kwa Tanzania, kajisajilini halmashauri, kama inavyotakiwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Hatua ya 2: Pigeni hesabu pamoja na mkopaji. Mama mmoja muuza mandazi aliomba shilingi 300,000. Akiba yake ilimruhusu, maana kikomo chetu ni mara tatu ya hisa zake. Tukakaa naye kwenye mkeka, tukaanza na jana yake. Aliuza mandazi 150 kwa 200, akapata 30,000. Unga, mafuta, sukari, hamira na mkaa vilikula 21,000. Chakula cha nyumbani 5,000. Kilichobaki ni 4,000. Kwa siku sita za wiki ni 24,000, kwa mwezi 96,000.

Sasa tazama: 300,000 kwa miezi mitatu, riba asilimia 5 kwa mwezi ya deni lililobaki, rejesho la kwanza ni 115,000. Angeanza kudaiwa kabla hajala. Mimi huwashauri rejesho lisizidi nusu ya kinachobaki, yaani 48,000 kwake. Tukashuka hadi 120,000: rejesho la kwanza 46,000, la pili 44,000, la tatu 42,000. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hiyo naiweza." Akanunua unga na mafuta kwa bei ya jumla, akaacha kupima kilo mojamoja dukani.

Muulize pia kama anadaiwa kwingine. Mwenye mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kali, akipewa fedha ya kikundi, ataipeleka kuzima moto kule, na mandazi yatabaki vilevile. Mtu huyo msaidieni kwanza kupanga lile deni.

Hatua ya 3: Toeni fedha mbele ya wote. Wahesabu fedha wahesabu kwa sauti, mkopaji ahesabu tena, kiandikwe kiasi na tarehe ya kila rejesho. Kabla ya kufunga sanduku, kila mwanachama akariri salio lililobaki. Mkutano ujao mnaanza kwa kulitaja.

Hatua ya 4: Rejesho likikwama, nendeni nyumbani kwake. Nendeni wawili, kwa salamu. Mara nyingi mtakuta mgonjwa. Hapo mfuko wa jamii, ule mnaochangia kando ya hisa, unampa fedha ya dawa bila riba, na mkutano unamwongezea muda. Msibebe sufuria wala jiko lake. Atakaangia wapi ili awalipe?

Hatua ya 5: Fungeni mikopo mapema. Mzunguko ni miezi 9 hadi 12, kisha mnagawana akiba na faida kulingana na hisa. Kwa hiyo mkopo wa miezi mitatu usitoke ikiwa mgao uko chini ya miezi mitatu mbele. Anayehitaji fedha kipindi hicho apewe ya mwezi mmoja, au asubiri mgao wake.