Ukungu Machoni: Jinsi ya Kujua Kama Miwani Itakusaidia

Mtu akisema "naona ukungu", bado hatujajua anaumwa nini. Anayehitaji miwani tu na yule ambaye neva ya jicho lake inakufa polepole hulalamika kwa maneno yaleyale. Kabla hujatoa hela ya miwani, jipime nyumbani. Unahitaji karatasi ngumu, pini, rula na kalamu nyeusi.

Chora herufi E yenye urefu wa milimita 17.5 na upana huohuo. Kila mstari na kila nafasi kati ya mistari iwe milimita 3.5. Ishikwe usawa wa macho yako, kwenye mwanga mzuri, nawe usimame mita 6. Chumba kikiwa kifupi, simama mita 3 na uchore E ya milimita 9 hivi. Msaidizi aigeuze juu, chini, kushoto na kulia, nawe uonyeshe kwa mkono miguu yake inakoelekea. Funika jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, maana jicho lililokandamizwa huona ukungu kwa muda na litakuharibia kipimo likifika zamu yake. Usifinye macho pia; kufinya ni kuiba mtihani.

Ukikosea zaidi ya mara moja kati ya nne, jicho hilo liko chini ya 6/12. Maana yake, hata ukisimama mita 6 hukioni kile ambacho jicho zima hukiona likiwa mita 12. Pima kila jicho peke yake hata kama huna shida: wapo wanaoishi miaka na jicho moja bovu bila kujua, kwa sababu jicho zima hulibeba.

Sasa toboa karatasi ngumu kwa pini, tundu la milimita 1 hadi 1.5, kingo zisiwe na nyuzinyuzi. Chungulia ile E kupitia hapo. Ikikaa sawa, kasoro iko kwenye kukusanya mwanga, na miwani huenda ikakutosha: tundu hupitisha miale michache ya katikati, isiyohitaji kupindwa sana ili ikutane kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Ndiyo maana watu hufinya macho, kope zinafanya kazi ya tundu. Isipobadilika, au ikizidi giza, shuku lenzi ya ndani ya jicho iliyochafuka, retina au neva. Hapo duka la miwani halina dawa yako, nenda kwa daktari wa macho.

Ila tundu haliondoi kila shaka. Presha ya macho huanza kula uoni wa pembeni bila maumivu huku katikati pakiwa safi, na kilichopotea hakirudi. Mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye ugonjwa huo apimwe, hata akisoma E zote.

Tundu likikusaidia, angalia ukungu uko wapi, mbali au karibu. Asiyeona mbali huvaa namba za kutoa. Gawanya 1 kwa namba yako, bila alama ya kutoa, upate kwa mita mwisho wa uoni wako safi: mwenye -2.00 huona vizuri hadi sentimita 50, basi. Mtoto wa hivi hukopi kutoka daftari la jirani, akaitwa mzembe. Ukiwa na miaka 40 hivi na uzi hauingii kwenye sindano, au mchele unauchambua kwa kunyoosha mikono, lenzi ya jicho imekuwa ngumu. Inampata kila mtu. Wengi huanzia +1.00 na kufika +2.50 wakiwa na miaka 60. Miwani ya kusomea inayouzwa barabarani hufaa kama macho yote mawili yanalingana, lakini usitembee nayo. Kama mistari ya E ya kulala inafifia na ya kusimama imekolea, au kinyume chake, konea yako, yaani kioo cha mbele ya jicho, haijajikunja sawa pande zote. Kwenye cheti cha miwani utaona CYL (nguvu ya kurekebisha kasoro hiyo) na AXIS (mwelekeo wake). Miwani ya hivyo haipatikani barabarani.

Mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho yenyewe iliyopata ukungu: taa za magari hutawanyika usiku na rangi hufifia. Hakuna tone linalousafisha. Hutolewa kwa upasuaji na kuwekewa lenzi bandia.

Mwenye kisukari asipimwe miwani sukari ikiwa juu. Sukari huvimbisha lenzi, namba zikabadilika, na miwani mipya ikamkataa wiki chache baadaye sukari ikishatulia. Achunguzwe retina kila mwaka.

Hali nyingine hazisubiri hata kesho: uoni uliopotea ghafla, pazia jeusi linaloshuka, vimulimuli vipya, jicho jekundu lenye maumivu na kutapika, au mboni nyeupe kwa mtoto. Usinunue matone ya deksamethasoni (dawa ya steroidi) kwa sababu tu jirani yalimtuliza mwasho. Yakitumika muda mrefu hupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho.

Ukienda kliniki, beba miwani ya zamani na dawa unazotumia, na uende na mtu. Matone ya kupanua mboni yatakuachia ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiendeshe gari wala pikipiki kurudi nyumbani.