Umeshika mimba na unatumia dawa ya thairoidi? Panga dozi hivi

Kuwahi ndiko kunakookoa. Mtoto tumboni hutegemea homoni ya thairoidi (tezi iliyo shingoni) ya mama mpaka mimba ifike kama wiki 16 hadi 20, na ubongo wake huanza kujengwa mapema kuliko hapo. Homoni ikipungua sana, hatari ya mimba kuharibika, presha na kuzaa njiti hupanda.

Hatua ya 1: siku kipimo kinapoonyesha mimba. Usiache levothairoksini, yaani dawa inayojazia homoni ya thairoidi isiyotosha. Kumhofia mtoto ndiko kunakowafanya wengi waiache, kumbe kuiacha ndiko kunakomdhuru. Mpigie daktari wako siku hiyohiyo mkubaliane kuongeza. Kwa kawaida ni vidonge viwili zaidi kwa wiki, 9 badala ya 7. Kama kidonge chako ni cha mikrogramu 100, meza kimoja kila siku, Jumatatu na Alhamisi viwili. Jumla inakuwa 900, sio 700.

Hatua ya 2: saa ya kumeza. Hapa ndipo dawa nyingi hupotea bure. Meza asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha subiri dakika 30 hadi 60 ndipo unywe chai. Vidonge vya FEFO unavyopewa kliniki vina madini ya chuma. Yakikutana na dawa tumboni hushikamana, na sehemu ya dawa hutoka na choo bila kuingia kwenye damu. Weka saa 4 kati yake: dawa saa 12 asubuhi, FEFO baada ya chakula cha mchana. Fanya hivyo pia kwa vidonge vya kalsiamu. Uji wa lishe wenye soya nao usiufuatishe na dawa. Kama kichefuchefu cha asubuhi kinakutapisha, hamishia dawa usiku, zikiwa zimepita saa 3 tangu ulipokula.

Hatua ya 3: damu. Pima TSH, homoni inayoiamuru tezi ya thairoidi ifanye kazi (ikipanda, dozi haitoshi), kila wiki 4 mpaka nusu ya mimba, halafu tena karibu na wiki ya 30. Lengo ni chini ya 2.5. Usisubiri dalili, maana uchovu na choo kigumu mimba yenyewe huvileta. Miezi mitatu ya mwanzo homoni ya mimba huichochea tezi, TSH ikashuka. Kabla dozi haijapunguzwa, FT4, yaani homoni yenyewe ya thairoidi iliyo kwenye damu, nayo ipimwe.

Hatua ya 4: ukijifungua. Rudi kwenye dozi ya kabla ya mimba, upime TSH wiki ya 6. Kunyonyesha hakuzuii dawa.