Namna ya Kufikisha Sokoni Chombo cha Magurudumu Matatu cha Bei Nafuu

Mtu anayetaka kutengeneza chombo cha magurudumu matatu, chenye paa na milango, cha kumpeleka mfanyakazi kazini na kumrudisha kwa gharama ndogo, kwa kawaida huanza na bei. Hutaja kiasi kinachovutia, huchora umbo jembamba linalopasua hewa, kisha hutafuta mtaji wa kukijenga chombo hicho kwa kiasi alichokwisha kukitaja. Mwongozo huu unapendekeza utaratibu ulio kinyume: bei itangazwe mwisho, baada ya kujulikana mnunuzi ni nani, sheria inakiita chombo hicho nini, kitasimama vipi katika kona, na kiwanda kitahitaji kutoa vingapi ili kisife. Unafuu wa chombo cha namna hii hautokani hasa na uchache wa magurudumu yake. Unatokana na wingi wa vyombo vinavyotengenezwa, na wingi huo ndio mgumu kuupata.

Kampuni ya Elio Motors ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2009, ni mfano unaostahili kusomwa kwa makini na kila anayeingia katika kazi hii. Iliahidi chombo cha watu wawili wanaokaa mmoja nyuma ya mwenzake, magurudumu mawili mbele na moja nyuma, kwa dola 6,800 na mwendo wa maili 84 kwa galoni moja ya petroli katika barabara kuu. Ilipata eneo katika kiwanda kilichokuwa cha General Motors huko Shreveport, Louisiana, na watu zaidi ya 65,000 waliweka oda. Bei iliyoahidiwa ikapanda, tarehe zikasogezwa mara kwa mara, na utengenezaji haukuanza. Shauku ya watu ilikuwapo, na umbo lilikuwa zuri. Kilichokosekana ni mamia ya mamilioni ya dola ya kulifikisha umbo hilo kwenye mstari wa uzalishaji.

Mjue mnunuzi na kile atakachokilinganisha

Vyombo vya magurudumu matatu vimefanikiwa sana duniani, lakini vingi vilivyofanikiwa ni vya biashara. Piaggio ilianza kutengeneza Ape mwaka 1948 kwa kutumia sehemu za pikipiki yake ya Vespa, na kutoka katika ukoo huo ndiko zilikotoka bajaji zinazobeba abiria na mizigo katika nchi nyingi. Anayenunua bajaji hununua kipato: hupiga hesabu ya mapato ya siku, hutoa mafuta na matengenezo, kisha huona ni miezi mingapi itamaliza deni. Anayenunua chombo cha kwendea kazini hana mapato ya kukilipia. Yeye hulinganisha raha, usalama na heshima, na mara nyingi halinganishi na gari jipya, bali na gari lililotumika la magurudumu manne, lenye viti vitano na buti, linalopatikana kwa bei hiyo hiyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzungumza na watu walionunua chombo cha usafiri katika miezi ya karibuni, na kuwauliza walichokifanya badala ya wanachokipenda. Waulize siku za mapumziko wanabeba nani, mara ngapi kwa mwezi wanahitaji kiti cha tatu, na kwa nini waliacha kununua pikipiki. Utagundua mgongano ambao ni afadhali kuukabili mapema: chombo cha mtu mmoja au wawili huwafaa zaidi wenye chombo kingine nyumbani, na mwenye uwezo wa kumiliki vyombo viwili mara nyingi si yule anayetafuta bei ya chini kuliko zote. Njia moja ya kutoka hapo ni kuanza na wanunuzi wa jumla, kama makampuni ya kupeleka vifurushi, walinzi wanaozungukia maeneo makubwa, au wakodishaji wa saa, kwa sababu hao huhesabu gharama ya kila kilomita na hawaoni aibu ya kuendesha kitu cha umbo lisilozoeleka.

Pata jina la kisheria kabla ya kuchora

Sheria za Marekani huhesabu chombo cha magurudumu matatu katika kundi la pikipiki, na kwa sababu hiyo mtengenezaji halazimiki kutimiza masharti ya majaribio ya ajali yanayowekwa kwa magari. Umoja wa Ulaya una kundi lake la vyombo vya magurudumu matatu liitwalo L5e, lenye kikomo cha uzito cha kilo 1,000 kabla ya kupakia watu na mizigo, na huhesabu magurudumu mawili ya ekseli moja kuwa ni gurudumu moja ikiwa nafasi kati yake ni milimita 460 au pungufu. Uingereza kwa miaka mingi iliwaruhusu wenye leseni ya pikipiki kuendesha magari mepesi ya magurudumu matatu, na kampuni ya Reliant ilijenga soko lake juu ya kifungu hicho. Gari lake la Robin, lililotoka mwaka 1973, lilikuwa na bodi ya faibaglasi ili lisizidi uzito uliowekwa.

Ulegevu huo wa sheria hupunguza gharama ya kuingia sokoni, lakini una madai yake. Chombo kikiitwa pikipiki, huenda dereva akatakiwa kuvaa helmeti ndani ya chombo chenye paa, kuwa na leseni ambayo wafanyakazi wengi hawana, na kulipa bima ambayo kampuni za bima hazijui ziikadirie vipi. Huko Marekani ilibidi sheria hizo zibadilishwe jimbo moja baada ya jingine. Andika barua kwa mamlaka ya usafiri, ukiambatanisha michoro na uzito unaokusudiwa, na usubiri jibu la maandishi kabla ya kutumia fedha katika kalibu, yaani vifaa vya kuvipa vipande vya bodi umbo lake. Hata pale sheria isipodai, weka mikanda ya usalama, fremu imara inayozunguka kichwa na mabega ya dereva, na maeneo ya kunyonya nguvu za mgongano. Mnunuzi atauliza kitatokea nini akigongwa na lori, na jibu la kwamba sheria hailazimishi halimtoshi mtu mwenye watoto.

Hesabu ya kupinduka

Hapa ndipo ningemwomba mbunifu atumie muda wake mwingi zaidi. Chombo cha magurudumu manne hupinduka kikivuka mstari unaounganisha matairi ya upande mmoja. Chombo cha magurudumu matatu hupinduka kikivuka mstari unaotoka gurudumu la pekee hadi moja ya yale mawili, na mstari huo huwa karibu zaidi na kitovu cha uzito, yaani nukta ambapo uzito wote wa chombo huhesabiwa kuwa umekaa, kadiri kitovu hicho kinavyosogea upande wenye gurudumu moja. Kipimo chepesi cha kuanzia ni hiki: chukua nusu ya umbali kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja, gawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini, kisha zidisha kwa sehemu ya uzito wote inayobebwa na magurudumu hayo mawili. Jibu ni nguvu ya pembeni, ikilinganishwa na uzito wa chombo, inayoweza kukipindua.

Tuchukulie chombo chenye magurudumu mawili mbele yaliyoachana mita 1.4, kitovu cha uzito kilicho mita 0.5 kutoka ardhini, na asilimia 65 ya uzito mbele. Jibu ni 0.91. Tairi la kawaida kwenye lami kavu hushika kwa takriban 0.8 hadi 0.9, kwa hiyo chombo hiki kitateleza kabla hakijapinduka, jambo ambalo ni salama zaidi. Sasa mpandishe abiria wa nyuma. Sehemu ya uzito iliyo mbele inashuka hadi asilimia 58, kitovu kinapanda hadi mita 0.52, na jibu linakuwa 0.78. Chombo kile kile kilichopita majaribio kikiwa na dereva peke yake sasa kinaweza kuinua gurudumu kabla tairi halijateleza. Ndiyo maana majaribio yote ya kona yafanywe kukiwa na abiria mzito kuliko kawaida, mzigo nyuma yake, na tangi au betri katika hali mbaya kuliko zote.

Gurudumu la pekee likiwa mbele, hatari huongezeka dereva anapofunga breki katikati ya kona, kwa kuwa uzito unakimbilia upande mwembamba. Yakiwa mawili mbele, breki hupeleka uzito kwenye upande mpana, na hilo ndilo linalofanya mpangilio huu ufae zaidi kwa chombo cha kasi. Hata hivyo gurudumu la nyuma likibeba mzigo mdogo na ndilo linalosukuma chombo, litakosa mshiko kwenye mlima wenye utelezi. Usigeuze pia kwa gurudumu la nyuma: mbunifu wa Marekani Buckminster Fuller alifanya hivyo katika gari lake la Dymaxion la mwaka 1933, na lilikuwa gumu kulidhibiti katika kasi kubwa na penye upepo. Jambo jingine ambalo halionekani katika michoro ni kwamba chombo hiki huacha njia tatu barabarani. Dereva anaweza kulipitisha shimo katikati ya magurudumu ya mbele, kisha gurudumu la nyuma likatumbukia humo humo.

Usitengeneze unachoweza kununua

Kuondoa gurudumu moja huokoa gurudumu, tairi, breki moja na sehemu zake za kunyonya mtikisiko. Hakuondoi kioo cha mbele, vifuta vioo, taa, milango, viti, usukani, nyaya, wala mfumo wa kuzuia ukungu kwenye kioo. Anayedhani kwamba magurudumu matatu yatagharimu robo tatu ya gari amekosea hesabu tangu mwanzo.

Faida hupatikana kwa kutumia sehemu ambazo tayari zinazalishwa kwa maelfu kwa ajili ya vyombo vingine: injini au mota, gia, breki, taa, matairi. Ape iliweza kuwa nafuu kwa sababu Vespa ilikuwa imekwisha kulipia sehemu zake. Elio, kinyume chake, iliamua kuagiza isanifiwe injini mpya ya silinda tatu, na uamuzi wa namna hiyo huongeza miaka na fedha ambazo mnunuzi hazioni katika chombo. Kwa bodi, kalibu za kushindilia chuma ni ghali mno lakini kila kipande kinachofuata hutoka kwa haraka. Faibaglasi ina kalibu za bei ndogo, ila hudai kazi nyingi ya mikono kwa kila kipande. Kwa mamia au maelfu machache ya kwanza ningechagua faibaglasi au fremu ya mabomba yenye paneli bapa, na kuacha chuma kilichoshindiliwa hadi mauzo yathibitike.

Kisha piga hesabu inayotisha. Ikiwa gharama zisizobadilika, yaani usanifu, kalibu, majaribio na kiwanda, ni dola milioni 200, na kila chombo kikiuzwa kinabakiza dola 400 baada ya kulipia vifaa na kazi, utahitaji kuuza 500,000 ili kurudisha fedha hizo. Ukiongeza bei ili kila kimoja kibakize dola 1,000, utahitaji 200,000, lakini bei mpya inawafukuza baadhi ya wale uliowategemea. Arcimoto, kampuni ya Oregon, Marekani, iliyotengeneza chombo cha magurudumu matatu, ililenga bei ya dola 11,900. Ilipoanza kuuza mwaka 2019 chombo chake kilikuwa takriban dola 20,000, kwa sababu idadi ndogo haikuruhusu lengo lile. Kilicho katika uwezo wako ni kupunguza gharama zisizobadilika kabla hujaongeza matarajio ya mauzo.

Arubuni na dhamana yake

Kupokea arubuni ni kishawishi kikubwa, kwa kuwa huonekana kama uthibitisho wa soko. Kwa hakika arubuni ni uthibitisho wa matumaini ya watu, tena kwa kiasi kidogo ambacho wako tayari kukipoteza. Historia ya vyombo hivi ina kesi zilizoishia mahakamani: Gary Davis, aliyeuza haki za uwakala wa gari lake la magurudumu matatu huko California mwishoni mwa miaka ya 1940, alihukumiwa kwa udanganyifu, na gari la Dale la miaka ya 1970 lilichukua fedha za watu bila kutengenezwa kamwe kwa ajili ya kuuzwa. Mtengenezaji mwaminifu hana budi kujitenga na kumbukumbu hiyo kwa vitendo. Weka arubuni katika akaunti tofauti isiyoguswa kwa mishahara wala kodi ya jengo, irudishwe kwa yeyote anayeidai, na usiipokee kabla magari ya mfano hayajatembea umbali mrefu kwenye barabara mbovu. Badala ya tarehe, tangaza masharti: utengenezaji utaanza baada ya idhini fulani kupatikana na kiasi fulani cha mtaji kuwa benki.

Mauzo ya kwanza yawe katika eneo ambalo fundi wako anaweza kulifikia na kurudi siku hiyo hiyo. Sinclair C5, chombo cha umeme cha magurudumu matatu kilichokuwa wazi juu, iliyozinduliwa Uingereza mwezi Januari 1985 kwa pauni 399, ilitolewa kwa taifa zima katikati ya baridi, wakati ambapo betri hudhoofika na dereva hana paa juu yake. Ilipofika Agosti mwaka huo utengenezaji ulikuwa umekoma. Eneo dogo lingeonyesha kasoro hizo kwa hasara ndogo. Andika kila kilichovunjika, kilomita kilizotembea na muda ambao chombo kilikaa karakana kikisubiri kipuri. Takwimu hizo ndizo kampuni ya bima itakazozihitaji ili kukadiria ada, ndizo benki itakazozitazama kabla ya kumkopesha mnunuzi, na ndizo zitakazokuonyesha gharama halisi ya dhamana unayoitoa. Ukishazijua, jumlisha gharama hiyo na ya vifaa, ya kazi na sehemu ya gharama zisizobadilika kwa idadi ambayo umekwisha kuiuza, wala si ile unayoitamani, kisha uitangaze bei.