Tengeneza ramani yako ya kwanza ya Doom: vyumba viwili, mlango mmoja na ua

Doom, gemu ya kompyuta ya kupambana na mashetani kwa bunduki, ilitoka tarehe 10 Desemba 1993, na mpaka leo mashabiki wanaitengenezea ramani mpya bila kuchoka. Mapenzi yapo, lakini kilichowezesha hasa ni namna gemu yenyewe ilivyoundwa. id Software, kampuni iliyoitengeneza, waliitenga injini (programu inayoiendesha gemu) na mali zake. Ramani, picha, sauti na muziki vyote viliwekwa kwenye faili moja ya WAD, na injini ikaruhusiwa kusoma WAD nyingine juu ya ile ya kwanza. Mapema 1994 mashabiki walikuwa tayari na programu yao ya kuchorea ramani, DEU. Msimbo wa injini ukaachiwa hadharani Desemba 1997, na 1999 ukawekwa chini ya GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha.

Mwongozo huu ni wa anayeanza kabisa. Tutachora ramani ndogo: chumba cha kuanzia, ukumbi na ua. Ukitaka kuanza na jumba la vyumba arobaini, hilo ni lako, ila ramani za namna hiyo ndizo zinazolala kwenye kompyuta za watu miaka nenda miaka rudi. Doomworld, tovuti ya mashabiki, hutoa tuzo za Cacoward kila mwaka tangu 2004, na mojawapo hupewa kazi iliyochukua muda mrefu kuliko zote kukamilika. Inaitwa Mordeth, kwa jina la mradi ambao sehemu yake ya kwanza ilitoka 1997 na ya pili ikangojewa hadi ikawa utani.

Hatua ya 1: Pakua vitu vitatu

Cha kwanza ni Freedoom. Injini ya Doom ni huru, lakini picha na sauti zake si huru, kwa hiyo kumrushia rafiki DOOM2.WAD, faili ya Doom II, kwa flashi au WhatsApp ni kugawa mali ya watu. Freedoom ni kazi ya mashabiki waliochora upya kila kitu: mashetani, bunduki, kuta, hata sauti ya mlango. Faili utakayoitumia inaitwa freedoom2.wad. Uzuri wake ni kwamba majina ya picha yamebaki yaleyale, hivyo ramani utakayoijenga juu ya Freedoom itafanya kazi pia kwa mwenye Doom II halisi.

Cha pili ni Ultimate Doom Builder, programu ya kuchorea, ya Windows. Kama unatumia Linux, Eureka itakufaa, ingawa vitufe vyake ni tofauti na nitakavyovitaja hapa.

Cha tatu ni DSDA-Doom, injini ya kuchezea. Wengi hukimbilia injini nyingine, GZDoom, na ni nzuri, lakini laptopu ya zamani yenye kadi dhaifu ya picha huihangaisha. DSDA-Doom ni nyepesi.

Hatua ya 2: Chagua muundo wa zamani

Fungua Doom Builder, anzisha ramani mpya, halafu utaulizwa aina ya gemu. Chagua Boom: Doom 2, ya muundo wa Doom. Jina la ramani liwe MAP01, na kwenye orodha ya rasilimali ongeza freedoom2.wad.

Utakutana na muundo mwingine uitwao UDMF, na utaambiwa kuwa una uwezo mkubwa zaidi. Ni kweli. Lakini muundo wa Boom, injini iliyotolewa na kundi la mashabiki la TeamTNT mwaka 1998, unasomwa na injini karibu zote zinazotumika leo. Tena kuna habari ya karibuni inayoipa nguvu hoja hii: Agosti 2024 toleo rasmi la Doom na Doom II lilitoka upya, likiwa na uwezo wa kusoma ramani za Boom na sehemu ya kupakulia kazi za mashabiki ndani ya gemu yenyewe. Ramani ya muundo huu inaweza kumfikia mtu anayecheza kwenye konsoli sebuleni kwake, asiyejua hata WAD ni nini.

Hatua ya 3: Chora vyumba

Utaona ukurasa mweusi wenye miraba. Doom haijui majengo ya pande tatu. Inajua mistari iliyochorwa kutokea juu, na maeneo yaliyofungwa na mistari hiyo, yanayoitwa sekta. Kila sekta ina kimo cha sakafu, kimo cha dari, picha zake na kiwango cha mwanga, basi. Ndiyo maana katika muundo huu huwezi kuweka chumba juu ya chumba kingine. Ghorofa sahau.

Vitufe vinne vya kushika kichwani: V kwa pembe, L kwa mistari, S kwa sekta, T kwa vitu kama silaha na mashetani. Vitufe vya [ na ] hubadilisha ukubwa wa miraba. Weka miraba ya 64, kwa sababu picha za sakafu ni za 64 kwa 64 na chumba kinachofuata miraba hiyo hakitakata kigae katikati.

Bonyeza alama ya kuchora mistari kwenye upau wa juu, kisha chora chumba cha kwanza, 256 kwa 256 kwa yuniti, kipimo cha Doom. Ukirudi kwenye nukta ya kwanza, umbo linajifunga na sekta inazaliwa. Ruka yuniti 64 upande wa kulia, chora ukumbi wa 512 kwa 384. Kisha chora ua, 768 kwa 512, ukiugusisha moja kwa moja na ukuta wa mbali wa ukumbi. Sehemu ya mstari ambayo ukumbi na ua vitachangia itageuka kuwa uwazi wa kupita.

Ili upate hisia ya vipimo: mchezaji ana upana wa 32 na kimo cha 56, na hawezi kupanda kingo inayozidi 24. Dari ya vyumba vya ndani iwe 128.

Wanafunzi wengi hapa huanza kuchora nyumba ya kwao, chumba kwa chumba, hata choo kimo. Mashabiki wamekuwa wakifanya hivyo tangu 1994, hadi ikawa aina ya ramani inayochekwa. Machi 2023 mtu anayejulikana kama Veddge akaligeuza zoea hilo kuwa kazi ya kutisha, MyHouse: nyumba ya kawaida inayobadilika mgongoni kwako. Hiyo inahitaji GZDoom na ujuzi wa miaka. Nyumba halisi ina vyumba vidogo na milango finyu, na shetani asiye na nafasi ya kuzunguka hachezeki. Panua kila kitu mara mbili ya unavyodhani.

Hatua ya 4: Mlango

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo twende taratibu.

Mlango wa Doom si kitu cha kubandika. Ni sekta ambayo dari yake imeshuka hadi sakafuni. Ukiufungua, unaipandisha dari.

Punguza miraba iwe 8. Kati ya chumba na ukumbi kuna nafasi ya 64. Chora mstatili unaounganisha kuta mbili, urefu 64, upana 128. Ndani yake kata mistari miwili ya kupita, mmoja kwenye 24 na mwingine kwenye 40. Sasa una vipande vitatu: kizingiti, mlango wenye unene wa 16, na kizingiti cha pili. Vizingiti vipe dari ya 128 kama vyumba.

Chagua kipande cha kati, na dari yake iwe 0, sawa na sakafu.

Bonyeza L, uchague ile mistari miwili ya uso wa mlango. Tazama katikati ya kila mstari: kuna kijiti kifupi kinachochomoza upande mmoja. Upande huo ndio mbele ya mstari, na lazima uelekee nje ya mlango, kwa mchezaji. Kama kimeelekea ndani, bonyeza F kuugeuza. Asilimia kubwa ya milango iliyogoma kufunguka ina ugonjwa huu tu, maana injini husikiliza mkono unaogusa mbele, wa nyuma haijali.

Fungua sifa za mistari hiyo na uweke kitendo namba 1. Huo ni mlango unaofunguka, unaosubiri kidogo, kisha unajifunga wenyewe. Kwenye nafasi ya picha ya juu ya upande wa mbele weka BIGDOOR2, yenye upana wa 128 uleule. Ukiacha nafasi hiyo tupu, mahali pa mlango utaona marudio ya skrini yanayoyumba kama vioo vilivyotazamana.

Bado mbavu mbili za mlango, ile mistari mifupi ya 16. Zipe picha ya DOORTRAK na uwashe alama ya Lower Unpegged. Bila alama hiyo reli zitapanda juu pamoja na mlango, jambo ambalo seremala yeyote atalicheka.

Ukiujaribu utagundua mlango haupandi mpaka juu kabisa: unasimama yuniti 4 chini ya dari ya jirani. Ndivyo ulivyo, si kosa lako. Doom Builder inacho pia kitufe kinachofanya haya yote kwa mkupuo mmoja. Kitumie kuanzia mlango wa pili.

Hatua ya 5: Ua na mwanga

Dari ya ua ipe picha ya F_SKY1 na kimo cha 256, mbingu itafunguka. Ukisimama uani na kutazama ukumbi, juu ya uwazi kuna ukuta unaohitaji picha, usiusahau.

Mwanga huenda kutoka 0 hadi 255, ila jicho huona tofauti kwa hatua za 16. Chumba cha kwanza 160, ukumbi 128, ua 208. Anayetoka gizani atavutwa na weupe wa nje bila kuandikiwa mshale.

Hatua ya 6: Mashetani na hesabu ya risasi

Bonyeza T. Kitu namba 1 ni mahali pa mchezaji kuanzia. Bila hicho ramani haichezeki.

Mchezaji huanza na bastola yenye risasi 50. Mwekee shotigani, namba 2001, katikati ya ukumbi anapoiona mara mlango unapofunguka. Ukumbini weka askari wanne, namba 3004. Uani weka askari wawili wa shotigani, namba 9, na impu watano, mashetani warushao moto, namba 3001. Katika Freedoom impu ana sura nyingine kabisa, ila tabia ni ileile.

Kisha piga hesabu. Askari ana uhai wa 20, wa shotigani 30, impu 60. Jumla ni 440. Shotigani hutoa vipande 7, na vyote vikipata huleta kama 70 kwa wastani, kwa hiyo kwenye karatasi, bila kipande hata kimoja kupotea, mapigo saba yanatosha. Wachezaji si hodari hivyo, mimi huzidisha kwa mbili. Shotigani ya chini ina risasi 8, na kila askari namba 9 akifa huacha nyingine 4. Tumefika 16, na bastola bado ipo. Ongeza masanduku mawili ya dawa, namba 2012, moja ukumbini na moja kwenye kona ya ua ambako mtu atalazimika kulipigania.

Jambo moja la ndani: mlio wa bunduki husafiri sekta hadi sekta, na mlango uliofungwa huuzuia. Risasi ya kwanza ukumbini itawaamsha wote wa uani, kwa kuwa hapo katikati hakuna mlango. Unayetaka abaki kimya mpaka amwone mchezaji, muwashie alama ya kuvizia.

Hatua ya 7: Njia ya kutokea

Kwenye ukuta wa mwisho wa ua kata kipande cha 64, kipe kitendo namba 11 na picha yoyote inayoanza na SW1. Ikibonyezwa, injini yenyewe hubadilisha SW1 kuwa SW2 na swichi huonekana imeshuka.

Hatua ya 8: Jaribu

F4 hukagua ramani na kukuonyesha picha zilizokosekana na mistari isiyofungika. F9 huicheza. Ukiridhika, ihifadhi kwa jina uani.wad na uicheze nje ya programu:

dsda-doom -iwad freedoom2.wad -file uani.wad -warp 1 -skill 4 -complevel 9

Namba 9 mwishoni inaiambia injini ifuate tabia za Boom.

Halafu mpe mtu mwingine acheze, nawe ukae nyuma yake na ufunge mdomo. Akisimama mahali akizungukazunguka, hapo ndipo pa kurekebisha.

Hatua ya 9: Itoe

Desturi tangu miaka ya 1990 ni kufunga WAD kwenye zipu pamoja na faili ya maandishi yenye jina lilelile, yaani uani.txt. Andika jina la ramani, jina lako, muundo (Boom, complevel 9), imejaribiwa kwa injini ipi, na kama wengine wanaruhusiwa kuitumia kazi yako. Ukichukua picha au muziki wa mtu, mtaje. Mashabiki hawa watakusamehe ramani mbaya, wizi hawausamehi. Ghala la idgames ndilo linalohifadhi kazi hizi tangu enzi za mwanzo.

Waombe wachezaji wakutumie demo badala ya video. Mtu akiongeza -record na jina kwenye ile amri, injini haihifadhi picha, inahifadhi vitufe alivyobonyeza: baiti 4 mara 35 kwa sekunde. Dakika nzima ni takribani kilobaiti 8, kwa hiyo hata bando la kuungaunga linaimudu, nawe utaona kila alipojikwaa. Ila kwa kila toleo badilisha jina la faili, uani1.wad, uani2.wad. Demo iliyorekodiwa kwenye toleo la kwanza haitacheza sawasawa kwenye la pili, hata kama ulichosogeza ni impu mmoja.