Jinsi ya kuitazama Star Trek ya zamani ukiwinda utani wa waigizaji

Anza na milango. Masikio yaliyochongoka ya Spock, naibu wa nahodha, yapo tu, hayakimbii. Katika Star Trek, kipindi cha televisheni cha Marekani kuhusu safari za angani, ile ya 1966 hadi 1969, milango ya chombo cha angani hujifungua yenyewe mtu akikaribia, na mlio wake mtamu. Mtambo hapakuwa na wowote. Nyuma ya ukuta wa mbao alisimama fundi akisubiri ishara, akavuta kwa mkono, na mlio ukatiwa baadaye. Fundi akizubaa, mwigizaji anaugonga mlango kwa pua. Picha hizo zilizoharibika kwa makosa kama hayo zilihifadhiwa, na leo zimo mtandaoni. Zitazame kwanza, ndipo urudi kwenye kipindi chenyewe. Hapo utamshuku kila anayepunguza mwendo mlangoni. Dada yangu hakai tena nami sebuleni, maana nasimamisha picha kila mlango ukifunguka.

Kisha tafuta kipindi kiitwacho "The Trouble with Tribbles", kilichorushwa Desemba 1967. Tribbles, vile vidude vya manyoya, vilitengenezwa 500. Kirk, nahodha wa chombo, anafungua ghala la nafaka lililo juu yake, vinammwagikia mpaka kifuani. Wengi huishia kucheka hapo. Wewe subiri. Kimoja kinadondoka, kingine kinamgonga kichwani, kinafuata kingine tena, huku wenzake wakizungumza. Waliokuwa juu wakivirusha hawakuwa wanaona chini, basi wakaendelea tu. Mtazame William Shatner, anayemwigiza Kirk, usoni: hana la kufanya ila kuvumilia, na uvumilivu ule ndio uliokipamba kipande kile.

Mkasa wa baiskeli hutauona kwenye skrini, lakini uweke kichwani kila Kirk na Spock wanaposimama pamoja. Leonard Nimoy, mwigizaji wa Spock, alikuwa na baiskeli ya kuwahia foleni ya chakula cha mchana, kwa kuwa ilimbidi arudi mapema kurekebishwa vipodozi. Shatner akaanza kuificha. Siku moja Nimoy akaikuta imening'inizwa juu kabisa, kwenye dari la studio. Siku nyingine imefungiwa chumbani kwa Shatner, inalindwa na mbwa wake. Wote wawili waliusimulia mkasa huu miaka mingi baadaye. Sasa mwangalie Spock akimwinulia nahodha wake unyusi mmoja, halafu uniambie kama huoni mtu anayeuliza baiskeli yake iko wapi.

Usidhani kila aliyekuwemo alifurahia. Gene Roddenberry, muasisi wa kipindi, alikuwa akionyesha zile picha zilizoharibika kwenye mikutano ya mashabiki, na Nimoy hakupenda: makosa ya kazini hayakukusudiwa kutazamwa na umma. Nami namwelewa, ingawa bado nazitazama.

Ukibakiwa na muda, weka kipindi kingine, "The Naked Time". Mswada ulitaka Sulu, mwendeshaji wa chombo, ashike upanga wa samurai. George Takei, aliyemwigiza, ndiye aliyependekeza ule mwembamba wa Kizungu, kwa mapenzi yake ya Robin Hood tangu utotoni. Anavyokimbia kifua wazi kwenye korido za chombo, huyo haigizi furaha hata kidogo.