Kushusha tawi kubwa la mwembe juu ya bati

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii ya kukata matawi nilipanda mwembe wa mama mmoja pale Walukuba, Jinja. Tawi lilikuwa limelala juu ya jiko lake. Nikaanza kulikata kutoka juu, karibu kabisa na shina, kwa sababu nilitaka pabaki pamesawazika. Sikufika hata nusu. Tawi lilikatika kwa uzito wake, likavua gome la shina kama unavyovua ganda la ndizi, karibu mita moja kwenda chini, na ncha yake ikatoboa bati mbili. Bati nililipa. Gome halilipiki, na nikipita pale hadi leo naliona lile kovu limeoza katikati.

Sasa nafanya hivi.

Kwanza nabaki chini, sipandi. Nauzunguka mti karibu nusu saa, na wateja wengine hudhani navuta muda. Naangalia matundu yenye nyuki. Nikiwaona namtafuta mfugaji nyuki awahamishe kwanza, maana nyuki wetu hawana subira na mtu aliyefungwa kamba mtini. Naangalia uyoga kwenye kiungo cha tawi au kwenye mizizi, kwa kuwa uyoga hapo maana yake mbao ya ndani imeoza na haifai kukubeba. Mjini naangalia pia viota vya kaloli, yule korongo wa majalalani. Ndege yule ni mkubwa, na kiota chake ni mzigo wa vijiti unaoweza kukuangukia kichwani.

Halafu nyaya. Zile za juu ya nguzo ndefu hubeba volti 11,000 au 33,000, na umeme wa namna hiyo unaweza kukurukia kabla hujaugusa waya. Tawi bichi lina maji, nalo hupitisha umeme. Hapo sipandi, hata mteja akiongeza hela. Namwambia aende UEDCL, kampuni ya serikali ya Uganda inayosimamia laini hizo tangu mkataba wa kampuni iliyoitwa Umeme ulipoisha Machi 2025, waizime kwanza.

Juu ya mti napanda na msumeno wa mkono uliopinda, ule ambao meno yake hukata unapovuta. Panga nalitumia chini tu, kusafisha vijiti. Panga juu ya mti huponda gome badala ya kulikata, na mkono unaolirusha ndio huohuo uliopaswa kushika mti. Msumeno wa mnyororo nao nauacha ardhini kwa ajili ya kukata vipande. Nimeona vijana wakiuwasha wamesimama kwenye ngazi, mkono mmoja kwenye mashine na mwingine kwenye tawi. Sehemu ya juu ya ncha ya chuma kile kinachobeba mnyororo ikigusa mbao, mashine nzima hurushwa nyuma kuelekea usoni kwako, upesi kuliko unavyoweza kukwepa.

Kwa kuwa mashine huharibika mikononi mwa wengi, nikae hapa kidogo. Petroli ichanganywe na oili ya injini za mapigo mawili (two-stroke): kwa mashine nyingi za sasa ni mililita 20 kwa kila lita moja, yaani mililita 100 kwenye jerikeni ya lita 5. Pima kwa chupa yenye alama. Kukadiria kwa jicho ndiko kunakoua pistoni. Oili ya mnyororo ina tangi lake, nayo ijazwe kila unapojaza mafuta. Ukiona mashine inatoa unga badala ya vipande vya mbao, usiisukume kwa nguvu, mnyororo umekufa makali. Chukua tupa ya duara inayolingana na mnyororo wako (wangu unataka ya milimita 4.8), funga breki, nenda na pembe ya nyuzi 30, ukisukuma kwenda mbele tu. Kila jino lipate idadi ileile ya mipigo. Upande mmoja ukinolewa kuliko mwingine, mashine itakata ikipinda, na fundi wa Katwe, kule Kampala, atakutoza pesa kwa kosa la tupa yako.

Sasa tawi lenyewe. Usilishushe zima. Kipande cha mwembe mbichi chenye urefu wa mita 1 na unene wa sentimita 20 kinakaribia kilo 30. Hesabu mwenyewe tawi la mita sita. Anzia nchani, ukirudi ndani kipande kwa kipande. Kamba ya kushushia ipite kwenye panda imara iliyo juu ya tawi, ncha yake ifungwe kwenye kipande, na upande wa pili mwenzako auzungushe kwenye shina mara tatu huko chini. Mizunguko ndiyo inayobeba uzito, si misuli yake. Asijifunge kamba mkononi, na asisimame chini ya tawi.

Kikibaki kisiki kirefu kidogo, ndipo unakiondoa kwa mapigo matatu ya msumeno. La kwanza ni kutoka chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani, likate robo ya unene. Msumeno ukianza kubanwa, acha. La pili ni kutoka juu, sentimita chache mbele zaidi kuelekea nchani. Tawi litavunjika kati ya mikato hiyo miwili, na mpasuko ukienda nyuma utaishia kwenye ule wa chini. La tatu ni kuondoa kisiki, na hapa ndipo pa kutuliza mkono. Tazama pale tawi linapotoka shinani: kuna uvimbe unaolizunguka kama kola ya shati. Kata nje ya kola hiyo, usiiguse. Ndani yake mna sehemu ambayo mti hutumia kuufunga mlango. Ukiikata, jeraha linakuwa kubwa na kinga imeondoka. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza na uozo utaingia ndani.

Mzee mmoja wa Bugembe alinisimamisha: "Kijana wangu, paka rangi pale, maji yasiingie. Hata mutuba, ule mti wa nguo za gome, tukiuvua gome tunaufunga majani ya mgomba."

"Mzee wangu, mutuba unafungwa kwa sababu mvuaji ameacha ngozi hai juu ya shina, nayo haitakiwi kukauka. Hapa nimekata mbao yenyewe. Rangi haizuii kuoza."

Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua maelfu ya miti kuangalia majeraha yake kwa ndani, akaonyesha kwamba mti hauponi kama mtu. Hujenga ukuta kuzunguka sehemu iliyoumia. Ukuta huo hujengwa na mti, kopo la rangi halina kazi hapo.

Usiondoe zaidi ya robo ya majani mabichi kwa mara moja, na mwembe usubiri umalize kuzaa. Vaa mikono mirefu, utomvu wake huunguza ngozi. Jioni futa msumeno kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kabla utomvu haujaganda, na kuni umpangie mwenye nyumba mbali na ukuta, mchwa wasipate daraja.