Guangzhou Ni Mji wa Kuishi? Anza na Hati ya Nyumba

Anayetaka kujua kama Guangzhou, mji wa kusini mwa China, panakalika huanza kwa kuuliza kodi, kisha maisha ya kila siku, kisha usalama. Maswali hayo yana majibu mepesi na nitayapitia kwa ufupi huko mbele. Swali linaloamua kama utaishi kwa amani, au utaishi ukishtuka kila mlango unapogongwa, ni hili: je, nyumba unayotaka kupanga inaweza kuandikishwa kwa jina lako kwenye kituo cha polisi cha mtaa huo? Ukijibiwa kwamba haiwezekani, au kwamba mambo hayo yataangaliwa baadaye, nyumba hiyo haikufai, hata iwe na lifti, kiyoyozi na dirisha linalotazama Mto Pearl.

Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inamtaka mgeni anayelala mahali pengine pasipo hoteli aandikishe makazi yake polisi ndani ya saa 24 tangu alipofika. Ukilala hotelini, mapokezi hukuandikisha wenyewe wanapoichukua pasipoti yako. Ukilala kwa shemeji, kwa rafiki uliyesoma naye, au kwenye chumba ulichopanga, jukumu ni lako pamoja na huyo aliyekupokea. Asiyejiandikisha anaweza kuonywa, na anaweza pia kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000.

Watu wengi husikia kiasi hicho wakaona si tatizo, kwamba wakikamatwa watalipa na maisha yataendelea. Hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu karatasi ndogo unayopewa baada ya kuandikishwa ndiyo inayodaiwa unapotaka kuongeza muda wa visa, kuomba kibali cha kuishi au kukihuisha. Aliyeingia kwa visa ya kazi ana siku 30 tu za kuomba kibali cha kuishi baada ya kufika, na bila karatasi ya makazi ombi halipokelewi. Siku zikipita umezidisha muda, na huko adhabu ni nyingine kabisa: kosa likionekana zito, ni yuan 500 kwa kila siku mpaka jumla ifike yuan 10,000, au kuwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Kwa hiyo karatasi ya polisi wa mtaa, ambayo wengi huiona kama usumbufu wa makarani, ndiyo iliyobeba uhalali wako wote nchini.

Sisi tumetoka kwenye nchi ambazo barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au ya chifu kwa wenzetu wa Kenya, huandikwa siku inapohitajika, na anayeiandika huenda hajawahi kukuona. Tumezoea kukaa kwanza, karatasi zikafuata. Guangzhou utaratibu umegeuzwa: karatasi hutangulia, mtu akafuata.

Mtego ulioninasa mimi ni wa mpangaji anayepangisha wenzake. Huyu huchukua nyumba kwa mwenye mali, akaipaka rangi, akaigawa vyumba, kisha akavipangisha kwa bei ya juu zaidi, hasa kwa wageni ambao wamekwisha kukataliwa na wenye nyumba wengine na wamechoka kutafuta. Mara nyingi huzungumza Kiingereza vizuri, hujibu ujumbe haraka, na haulizi maswali. Ukarimu wake ndio unaopaswa kukutia shaka. Katika mji ambao wenye nyumba wengi hukataa mgeni pale dalali anapotaja tu kwamba mteja ni Mwafrika, mtu anayekukubali bila hata kutazama visa yako ana sababu zake.

Kijana aliyenipa ufunguo alisaini mkataba kama mwenye nyumba na kuupiga dole gumba kwa wino mwekundu. Nikalipa amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi wa kwanza, kama ilivyo desturi ya Guangzhou. Ahadi ya kunipeleka polisi ikawa ya kesho, kisha ya wiki ijayo, kisha akasema mtaa ule hauna haja ya kuandikishwa. Kibali changu cha kuishi kilipokaribia kwisha ndipo nilipombana mpaka akanitumia nakala ya hati ya nyumba. Askari wa zamu aliiweka nakala ile kando ya mkataba wangu, akapitisha kalamu chini ya jina kwenye karatasi moja, akapitisha chini ya jina kwenye karatasi ya pili, kisha akanisukumia karatasi zote bila kuinua macho. Majina yalikuwa mawili tofauti. Akaniambia nirudi na mwenye hati mwenyewe, au na barua yake ya kuridhia, na akaandika faini.

Kijana akaacha kujibu. Kumbe mwenye mali, mama mmoja mzee aliyeishi wilaya nyingine, alikuwa hajalipwa kodi kwa muda, naye akabadilisha namba ya siri ya kufuli. Nilirudi jioni moja nikabonyeza namba zangu, kitaa chekundu kikawaka, nikabonyeza tena, kikawaka tena. Yule mama alipokuja hakunifokea. Alinifungulia nitoe vyombo vyangu na akanisubiri kwa subira. Jambo moja tu alilikataa, nalo ni kusaini barua ya kuridhia, kwa sababu akisaini amekiri mbele ya serikali kwamba nyumba yake imepangishwa kwa mgeni, na kuanzia hapo maswali ya kodi ya mapato na ya usalama yatakuwa juu yake. Ofisi yangu ikaniweka hotelini hadi nilipopata nyumba nyingine. Amana haikurudi, na mkataba wangu haukunisaidia, kwa kuwa nilikuwa nimesaini na mtu asiye na mamlaka ya kupangisha.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata yuan moja, omba kuona hati ya umiliki wa nyumba na kitambulisho cha mwenye hati, na hakikisha jina lililo kwenye hati ndilo lililo kwenye kitambulisho na ndilo lililosaini mkataba. Kama anayepangisha si mwenye hati, adai haki hiyo kwa barua ya mwenye hati na si kwa maneno. Lipa kwa akaunti yenye jina hilohilo. Kisha fanya jambo ambalo madalali hulichukia: mwambie dalali kwamba mtakwenda pamoja polisi na nakala hizo kuuliza kama anwani ile inapokea mgeni, na kwamba amana italipwa mkirudi. Dalali mkweli atanung'unika lakini atakwenda. Mwingine atakuambia kuna mteja anayekuja na fedha taslimu saa hiyohiyo, naye mwache akapokee fedha za mteja huyo. Narudia, usilipe kwanza ukategemea kwenda polisi baadaye. Narudia pia kwamba kuandikishwa mara moja hakutoshi, kwani ukihama nyumba saa 24 zinaanza upya, na ukipata pasipoti mpya au visa mpya inakubidi urudi kituoni.

Uangalifu huu unahitajika zaidi kwenye vile vijiji vilivyomezwa na mji, ambako majengo yamekaribiana kiasi cha jirani kupokea chumvi dirishani. Kodi huko ni nafuu, na ndiyo maana wageni wengi huelekea huko, hasa pande za Sanyuanli na mitaa ya nyuma ya Xiaobei. Lakini nyumba nyingi zimejengwa kwenye ardhi ya kijiji na hazina hati kama ya nyumba za mjini. Zipo zinazoandikishwa na zipo zisizopokea mgeni kabisa, na tofauti hiyo huwezi kuiona kwa macho ukiwa umesimama ngazini.

Kabla ya nyumba kuna visa, na hapa nina neno na ndugu zetu waliobaki nyumbani. Shangazi zangu wapendwa, visa ya biashara ni ya kuja kununua na kuuza, na mwanao hawezi kuigeuza kuwa ajira kwa kuwa tu kuna wakala Kariakoo au Eastleigh aliyeahidi hivyo. Anayekutwa akifanya kazi bila kibali hutozwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito huwekwa kizuizini kisha akarudishwa. Ahadi ya kufundisha Kiingereza ndiyo inayowanasa vijana wenye shahada nzuri kabisa, kwa sababu kanuni za kibali hutaka kwa kawaida mwalimu awe raia wa nchi ambako Kiingereza ni lugha mama, na Tanzania, Kenya na Uganda hazimo kwenye orodha hiyo. Shule inayomchukua hivyohivyo inajua inachofanya, na siku ya ukaguzi atakayepandishwa gari la polisi ni mwalimu. Kazi nyingine za kawaida hudai shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka miwili. Aliyeolewa au kuoa Mchina hupata kibali cha kuishi kama mwanafamilia, lakini kibali hicho hakimruhusu kufanya kazi. Mwanafunzi anayetaka kibarua nje ya chuo anahitaji ridhaa ya chuo na alama ya uhamiaji kwenye kibali chake.

Na mnapowapigia simu vijana wenu saa nne usiku ya Dar es Salaam mkilalamika kwamba wamewatupa, kumbukeni kwamba kule ni saa tisa usiku, na kwamba WhatsApp haifunguki bila VPN. Pakueni WeChat, mazungumzo yatakuwa rahisi, na orodha za simu mnazotaka kununuliwa zitafika salama.

Maisha ya kila siku hayana shida kubwa. Treni ya chini ya ardhi, inayofanya kazi tangu 1997, inafika karibu kila mahali na nauli yake inaanzia yuan 2. Malipo karibu yote hufanywa kwa simu, na siku hizi kadi za benki za kigeni zinaunganishwa na WeChat na Alipay. Hospitali za serikali ni nzuri, ila unalipa kabla ya kila hatua, na bila mtu anayejua Kichina utazunguka madirishani asubuhi nzima. Shule za kimataifa ni ghali mno kwa mshahara wa kawaida. Waislamu wana misikiti ya kale, ukiwamo Huaisheng, na Wakatoliki wana kanisa kuu la mawe lililokamilika mwaka 1888. Mwezi wa tatu na wa nne unyevunyevu huzidi wa Tanga, kuta hutoka jasho na nguo hazikauki. Msimu wa maonyesho makubwa ya biashara, Aprili na Oktoba, bei za hoteli hupanda sana, kwa hiyo usipange kuhamia wakati huo.

Usalama wa mitaani ni jambo ninalolisifu bila kusita. Mwanamke hutembea usiku wa manane akiwa na simu mkononi, na fedha ukiisahau mezani mgahawani utakuta imehifadhiwa. Lakini usichanganye usalama na kupokelewa. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa hofu ya Korona, Waafrika wa Guangzhou waliokuwa na mikataba na kodi waliyokwisha kulipa walitolewa majumbani na kukataliwa hotelini, wengine wakalala nje, hadi mabalozi wa nchi za Afrika mjini Beijing wakaandika kulalamika rasmi. Wapo Wachina waliowapelekea chakula barabarani, na hilo nalo liandikwe. Ninavyoiona mimi, jamii ile haituchukii kama watu wengine wanavyodai, ila inaogopa sana kuwajibishwa kwa ajili ya mgeni. Mlinzi wa lango, dalali, mwenye nyumba na karani wote hujiuliza kama jambo hili litawarudia wao, na wasipokuwa na uhakika hukataa. Ukaguzi nao huja kwa mawimbi, miezi mingi hakuna anayekuuliza, kisha wiki moja wanapita mlango kwa mlango. Pasipoti itembee nawe kila siku, maana sheria inamtaka mgeni aliyetimiza miaka 16 awe nayo.

Kwa mfanyabiashara anayekuja kukusanya mzigo na kujaza kontena, Guangzhou ni mji mzuri wa kufikia, na hoteli itamwondolea suala zima la kuandikishwa, kwa hiyo haoni faida ya kupanga. Mwenye mkataba wa kazi ulio wazi, na mwajiri atakayemsimamia mbele ya mwenye nyumba, anaweza kukaa miaka kadhaa akaweka akiba. Mwanafunzi akae bweni mwaka wa kwanza hata kama chumba ni kidogo. Anayetaka kuhamisha familia yote na kuota mizizi nitamshauri atafute nchi nyingine, maana ukazi wa kudumu hutolewa kwa wachache sana, na kibali kinachohuishwa kila mwaka hakilei mtoto.

Wengi wetu wamehamia Foshan, ambako kodi iko chini na treni iliyounganisha miji hiyo miwili tangu 2010 hukurudisha kazini Guangzhou. Ni uamuzi wa busara, mradi ukumbuke kwamba Foshan ina polisi wake, karatasi ya Guangzhou haitambuliki huko, na hati ya nyumba mpya inataka kukaguliwa vilevile kabla gari la kubebea vyombo halijaitwa.